MWANAMKE WA KIISLAMU NA KAZI YA SIASA
Darsa iliyosomwa Kitale na Bungoma

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu. Sifa njema zote ni zake, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu wasomaji, waume kwa wake, darsa ya mara hii hatukuitunga tukiwa tumeketi hapa pwani. Ilitujia tulipokuwa safarini bara, katika miji ya Kitale na Bungoma, na ilitulazimisha kurejea katika kauli yetu wenyewe. Kwa kuwa kauli ile ya kwanza tuliitamka mbele ya watu, haifai marejeo yake yawe ya siri. Ndiyo maana twaiandika hapa.

ASILI YA SUALA

Ndugu zetu wa Kitale walitualika tusomeshe siku chache baina ya Magharibi na Isha. Wengi katika sisi watu wa pwani hudhani kwamba Uislamu wa pande zile ni wa jana. Sivyo. Misafara ya pwani ilifika Mumias tangu karne ya kumi na tisa, na Nabongo Mumia, mtawala wa Wawanga aliyefariki mwaka 1949, mwenyewe alisilimu. Kutoka huko dini ilienea mpaka nchi ya Bungoma. Ama Kitale, huo ni mji uliokulia katikati ya mashamba ya walowezi wa Kizungu, na reli ikaufikia mwaka 1926. Waislamu waliuingia wakiwa wachuuzi, mafundi, madereva na askari waliomaliza kazi. Mpaka leo ni watu wachache katikati ya watu wengi, na uchache huo huzaa masuala ambayo sisi wa miji ya pwani hatuyahisi upesi.

Usiku wa kwanza tuliletewa karatasi kutoka upande wa wanawake. Mwandishi wake ni mwalimu wa chuo huko Bungoma, ambaye kwa miaka mingi amewasomesha watoto Kurani. Alisema kwamba majirani zake, Waislamu na wasiokuwa Waislamu, wamemwomba agombee ujumbe wa baraza la kaunti. Mtaa wao hauna maji ya kutegemea, na ardhi ya makaburi ya Waislamu inamegwa kila mwaka na wala hakuna wa kuisemea. Lakini baadhi ya wakubwa wa msikiti wamemwambia kwamba siku atakayopeleka jina lake, asikanyage tena chuoni. Akauliza: sharia yasemaje?

Tulijibu kwa maneno machache. Tulisema siasa ni kazi ya wanaume, na hadithi ya Abu Bakra iliyo katika Sahihi ya Bukhari yatosha. Tukafunga kitabu. Hapo mama mmoja mtu mzima sana akasema kutoka nyuma ya pazia: "Sheikh, mwanangu, na Bibi Titi je? Hakuwa Muislamu yule?"

Hatukuwa na jawabu. Jina la Bibi Titi tulilijua kama mtu ajuavyo jina la njia, kwani Dar es Salaam iko barabara kubwa iitwayo kwa jina lake, nasi tumeipita mara nyingi. Lakini nani huyu, na alifanya nini, na dini yake ilikuwa wapi katika aliyoyafanya, hatukujua kwa namna ya kuweza kusema mbele ya watu. Tuliomba muhula. Siku ya tatu tukateremka Bungoma kwa njia ya Webuye, na yafuatayo ndiyo tuliyoyasoma huko.

BIBI TITI ALIKUWA NANI

Bibi Titi binti Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwezi wa Juni 1926, katika nyumba ya Waislamu wenye asili ya Umatumbi. Alisoma chuoni kama watoto wenzake, kisha akatiwa skuli akafika darasa la nne. Hilo lilikuwa jambo kubwa kwa mtoto wa kike zama zile, kwani skuli nyingi za Tanganyika zilikuwa mikononi mwa wamisheni, na wazee wetu waliogopa kuwapeleka watoto huko. Alipobaleghe alitiwa ndani kama ilivyokuwa ada, akaozwa akiwa na umri wa kiasi cha miaka 14 kwa mtu aliyemzidi sana kwa umri. Ndoa ile haikudumu, naye akabaki na binti mmoja.

Mjini alijulikana kwa sauti yake. Alikuwa mwimbaji mkuu wa kundi la ngoma lililoitwa Bomba. Twalitaja hili waziwazi, ijapokuwa sisi watu wa islahi tumezoea kuzikemea ngoma, kwa sababu bila ya kulitaja hadithi yake haifahamiki, na kuificha kweli si katika islahi.

Chama cha TANU kiliundwa tarehe 7 Julai 1954. Bibi Titi aliingia mapema pamoja na mumewe wa wakati ule, Bwana Boi Selemani: kadi ya mume ilikuwa nambari 15, na ya mke nambari 16. Mwaka uliofuata alifika Dar es Salaam Bwana John Hatch, mtu wa chama cha Labour cha Uingereza. Alipouona mkusanyiko wa TANU, akataka kujua wako wapi wanawake wa chama hicho. Suala hilo liliwafedhehesha viongozi, maana wanawake waliokuwa na kadi walikuwa wa kuhesabika, na sehemu ya wanawake haikuwapo. Ndipo walipotolewa mbele Bibi Titi na Bibi Tatu binti Mzee. Tarehe 8 Julai 1955 ukafanywa mkutano wa wanawake katika jumba la Arnautoglu, wakahudhuria kiasi cha 400, na Bibi Titi akawa mkuu wao.

Sasa natutazame alivyofanya kazi, kwani hapa ndipo penye mafunzo. Hakwenda kwa watu na vitabu wala Kiingereza. Aliwaendea wakubwa wa makundi ya ngoma, akawaendea wauza maandazi na vitumbua, akawaendea wajane na waliopewa talaka waliokuwa wakijitafutia riziki. Alipita nyumba kwa nyumba na ua kwa ua. Mwanamume wa TANU, hata awe na ufasaha gani, asingaliweza kuuvuka ukumbi wa nyumba ya Muislamu; yeye aliingia mpaka uani, akaketi jamvini, akasema na wenyewe. Kundi moja la ngoma likiitikia, wanachama wake wote huja pamoja. Mpaka mwezi wa Oktoba wa mwaka ule ule wanawake kiasi cha 5,000 walikuwa wamekwisha kuandikwa.

Kisha akazunguka majimbo ya Tanganyika pamoja na Mwalimu Nyerere, akihutubia viwanjani. Kwa mke wa Kiislamu wa miaka ile, safari kama hizo zilitaka ruhusa ya mume, naye aliiomba akaipata. Na wanawake wengi waliomfuata walikuwa na vita hivyo hivyo majumbani mwao: wako walioruhusiwa, wako waliokwenda kwa siri, na wako ambao ndoa zao zilivunjika. Hatuyapambi haya. Kazi ya watu ina gharama, na kwa wanawake gharama hiyo ilianzia nyumbani.

UTAWALA WA WAKOLONI ULIMTAKAJE MWANAMKE

Serikali ya Waingereza haikuwasahau wanawake. Ilikuwa na makusudio yake juu yao. Iliwafungulia vyama vya kushona, kupika na kulea watoto. Huku Kenya chama cha Maendeleo ya Wanawake kiliundwa mwaka 1952 chini ya mkono wa serikali, mwaka ule ule Hali ya Hatari ilipotangazwa. Kushona ni kazi njema, na mama zetu walifaidika nayo. Lakini mwanamke aliyetakiwa katika vyama vile ni yule mwenye sindano mkononi na ulimi uliotulia.

Na mlango wa kura ulikuwa mwembamba. Katika uchaguzi wa Tanganyika wa mwaka 1958 na 1959, mpiga kura alitakiwa awe na mapato ya pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo kilichotajwa katika sheria. Tena alilazimishwa ampigie Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Mwanamke aliyetiwa ndani akiwa na miaka 12, ambaye riziki yake ni sinia ya vitumbua, angeyapata wapi masharti hayo? Hivyo wengi katika wale waliokijaza chama hawakuwa na haki ya kupiga kura waliyokuwa wakiwataka wengine waipige.

Kenya nayo ilikuwa hivyo, au zaidi. Mwezi wa Machi 1957 Waafrika walipowachagua wajumbe wao mara ya kwanza, wajumbe wote wanane walikuwa wanaume. Kiti cha Nyanza ya Kaskazini, ambacho nchi ya Bungoma ilikuwa ndani yake, alikipata Bwana Masinde Muliro. Mwanamke wa kwanza wa Kiafrika katika Baraza la Kutunga Sheria, Bibi Priscilla Abwao, aliingia mwaka 1961. Na baada ya uhuru ilipasa kungoja mpaka mwaka 1969 ndipo mwanamke achaguliwe na watu kuingia Bungeni, naye ni Bibi Grace Onyango wa Kisumu. Hawa wawili si Waislamu. Twawataja ili msomaji ajue kwamba uzito huu haukuwa wa Waislamu peke yao, wala haukuletwa na Uislamu.

YALIYOMPATA BAADAYE

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Bibi Titi alikuwa mbunge wa Rufiji, akawa waziri mdogo, na mwaka 1962 Umoja wa Wanawake wa Tanganyika ulipoundwa yeye akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Mwaka 1965 alishindwa katika uchaguzi. Mwaka 1967 Azimio la Arusha lilipowakataza viongozi kuwa na nyumba za kupangisha, yeye aliyekuwa nazo aliacha uongozi wa chama. Mwaka 1969 alikamatwa pamoja na wengine, wakashtakiwa kwa uhaini. Mahkama ikamhukumu kifungo cha maisha, na mwaka 1972 Rais Nyerere akamsamehe, akatoka. Baada ya hapo aliishi miaka mingi pasipo kutajwa. Mwaka 1991, nchi ilipotimiza miaka 30 ya uhuru, jina lake likarejeshwa midomoni mwa watu. Alifariki Afrika Kusini mwezi wa Novemba 2000. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Ya mahkama yale hatuyahukumu sisi. Tunalolisema ni hili: mtu anaweza kuwatumikia watu kwa ukweli na mwisho wake ukawa mzito, na jamaa zake wakaona salama kumsahau. Mama yule wa Kitale hakusahau. Sisi wenye kusomesha ndio tuliosahau.

HADITHI YA ABU BAKRA NA MAELEZO YAKE

Watu wa Bungoma walituuliza kwa haki: je, mnaiacha hadithi sahihi kwa ajili ya sira ya mwanamke mmoja? Twamuomba Mungu atulinde na hilo. Matendo ya Bibi Titi si dalili ya sharia. Yeye alituamsha tu tukasome upya tuliyokuwa tukiyasoma kwa haraka.

Hadithi hiyo ilisemwa ilipofika habari kwamba Wafursi wamemfanya binti wa Kisra kuwa malkia juu yao, na maana yake ni kwamba watu waliomkabidhi mwanamke amri yao hawatafuzu. Wanavyuoni wengi wameichukua katika uimamu mkubwa, yaani utawala wa Waislamu wote, na hapo hatuna ugomvi nao. Lakini hata katika ukadhi, ambao uko chini ya uimamu, walikhitalifiana: jamhuri, na madhehebu yetu ya Shafi ndani yake, wamekataa, Mahanafi wamekubali katika mambo yasiyokuwa hudud na kisasi, na Imamu Ibn Jarir at-Tabari amepokewa kuwa aliruhusu. Mas-ala waliyokhitalifiana maimamu hayafai kumfukuzisha mtu chuoni.

Sasa tutazame kazi yenyewe. Mjumbe wa baraza la kaunti si imamu wala si kadhi. Hatawali kwa amri yake. Watu wamemweka awasemee haja zao, ashauriane na wenzake, na aihesabie serikali fedha ilizotumia. Hayo katika fikihi yana majina mawili: uwakili na shauri. Uwakili wa mwanamke katika mali na haja za watu unajuzu. Ama shauri, Mtume (S.A.W.) mwenyewe alilipokea kutoka kwa Ummu Salama siku ya Hudaibiya, mwaka wa sita wa Hijra, masahaba walipokuwa wazito kuchinja na kunyoa: alimshauri atoke, achinje, anyoe bila ya kusema na mtu, naye akafanya hivyo na watu wakamfuata. Katika baia ya pili ya Akaba walikuwamo wanawake wawili, mmoja wao Nusaiba binti Kaab. Na katika Sura ya At-Tawba, aya ya 71, Mwenyezi Mungu amewaeleza waumini wanaume na waumini wanawake kuwa ni marafiki walinzi wao kwa wao, akaifanya kazi ya kuamrisha mema na kukataza maovu kuwa yao wote. Maji ya mtaa na heshima ya makaburi ni katika mema hayo.

KAULI YETU

Kwa hivyo twarejea katika tuliyoyasema Kitale, nasi twasema: mwanamke wa Kiislamu kuomba ujumbe wa baraza la watu kunajuzu, kwa masharti. Ahifadhi stara yake na adabu ya dini. Asikae faragha na asiyekuwa maharimu wake. Mambo yake na watu wa nyumba yake yawe kwa shauri na maelewano. Asiseme uwongo kwa ajili ya kura, asitoe wala asipokee rushwa, na asiwatukane wapinzani wake.

Masharti haya matatu ya mwisho yanamfunga mwanamume sawasawa. Tumewaona wanaume wa Kiislamu wakipita misikitini wakati wa uchaguzi na bahasha za fedha, na hapana mzee aliyewaambia wasikanyage tena msikitini. Ikiwa ghera yetu ni ya dini, basi na ianzie penye haramu isiyokuwa na khitilafu.

MAFUNZO MATATU

La kwanza: Bibi Titi alikwenda kwa makundi ya ngoma kwa sababu ngoma ndiyo iliyokuwa baraza ya pekee ya wanawake. Hatuihalalishi ngoma kwa faida iliyotoka ndani yake. Lakini tujiulize ni nani aliyewaacha na baraza hiyo tu. Lau misikiti yetu na vyuo vyetu vingalikuwa na mahali ambapo mwanamke husikilizwa, angalianzia hapo. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyetoa gazeti la Sahifa na baadaye, mwaka 1932, al-Islah, aliwahimiza Waislamu wasomeshe watoto wao, na wasichana pia. Ni karibu miaka mia sasa, na bado zipo kamati za vyuo ambazo walimu wote ni wanawake na wanakamati wote ni wanaume.

La pili: stara haikumzuia. Ua ambao wakoloni na wanaume wa mjini waliuona kuwa ni ukuta, kwake ulikuwa njia. Aliingia palipofungwa kwa wengine kwa sababu alikuwa mmoja wa wenyewe. Basi atakaye kuwatumikia watu asianze kwa kuikimbia jamaa yake, aitumie.

La tatu: kumbukumbu ni amana. Kila mji wetu, wa pwani na wa bara, unao wanawake waliochanga fedha za msikiti, waliouza dhahabu zao ili chuo kiezekwe, waliosimama mbele ya mabwana wa wilaya kuombea kiwanja. Wazee wanaowajua wanapungua kila mwezi. Tuwaulize na tuandike kabla hawajaondoka.

KHATIMA

Tulipomaliza kusoma Bungoma, mzee mmoja katika wale waliomkataza mwalimu alisimama akasema kwamba hakubaliani nasi, bali chuo hawezi tena kumfungia, kwa kuwa limebainika kuwa ni jambo la khitilafu. Tulimshukuru kwa insafu yake, kwani kusema "sikubali, lakini sikuzuii" ni ilimu kubwa. Mwingine aliondoka kabla ya dua. Mwalimu mwenyewe asubuhi yake alikuwa chuoni na watoto kama kawaida. Kama atapeleka jina lake au hatalipeleka, hilo ni lake na la watu wa nyumba yake. Sisi tumeulizwa sharia, na sharia tumeisema.

Tuliporudi tulipitia tena Kitale, tukamtafuta yule mama ili tumwambie kwamba jawabu ya suala lake tumeipata. Alicheka, akatuombea dua, akasema: "Nilijua utarudi."

Wenye halaka za kusoma na wayajadili masuala haya kabla ya darsa ijayo:

1. Ni kazi gani katika mtaa wenu zinazofanywa na wanawake, na maamuzi yake hutolewa na nani?
2. Taja mambo matatu ya khitilafu ambayo katika mji wenu watu wamekatiana salamu kwayo. Je, maimamu walikatiana salamu kwa hayo?
3. Mwandikeni mwanamke mmoja wa mji wenu aliyekwisha kufariki, kwa mambo mliyoyathibitisha kwa mashahidi wawili.

Tukiwa tumepata, basi ni taufiki ya Mwenyezi Mungu. Na tukiwa tumekosea, makosa ni yetu, na mlango wa kuturekebisha u wazi. Wallahu a'lam.